Mume wa Kananu

Dallas, Embu
28 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Habari ya magoti na baridi ya Kaaga? Sisi tuko wazima, ila mgongo wangu unalia kwa kukanda unga wa chapati za hoteli tangu alfajiri.

Anayekuletea barua ni Gladys wa viazi, na aliye naye ni mwanangu, mume wako kwa jina. Ona alivyorefuka. Namtuma atahiriwe kwetu. Daktari wa hapa Embu angemaliza kwa dakika kumi, lakini nimekataa. Tangu nimzae watu wananiuliza baba yake Mzungu alienda wapi, na shuleni wanamwita Pointi, yaani pointi faivu, ati ni nusu ya mtu. Nilimpa jina la baba yangu, Mbaabu, kwa sababu hakukuwa na upande mwingine wa kumpa jina. Sasa aingie kibanda cha jando na wenzake kwa boma la Mithika, atoke mwanaume wa Meru, nione nani atamwita Pointi tena.

Niandikie kupitia Gladys. Simu ya hapo ni ya Mithika, na unajua ndugu yangu anavyopenda kusikiliza.

Binti yako,
Karwirwa

Kaaga, Meru
5 Desemba 2024

Karwirwa mwanangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi niko, magoti nayo yanajua umri wake. Mbaabu alinishika mkono akasema, "Bibi yangu, umenipikia nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu babako afe hakuna aliyeniita hivyo.

Alitahiriwa Jumanne na hakufunga jicho. Sasa yuko kibandani nyuma ya zizi, yeye na wengine wawili. Mwanamke hafiki hapo, unajua. Naacha chakula kwa jiwe, wanakuja kuchukua. Lakini Muthomi, mtoto wa Mithika, na vijana waliotahiriwa mwaka juzi wanaingia kila jioni na fimbo. Jana sahani ya Mbaabu ilirudi na damu ukingoni. Nimwambie nini Mithika?

Mama yako,
Kananu

Dallas, Embu
8 Desemba 2024

Mama,

Habari ya tangu juzi? Unakunywa dawa ya presha, ama umeificha tena kwa kikombe?

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiegemea gunia la unga. Imeniuma, lakini usimtoe. Wote huchapwa, hata Mithika alichapwa. Akitolewa na mwanamke wataimba mpaka azeeke kwamba Pointi alikimbilia sketi ya nyanya yake. Mimi nikiwa na mimba yake, Mithika alinipiga na mshipi, chuma chake kikaacha alama kwa bega, na bado sikutoka hapo nyumbani mpaka siku niliyotaka mwenyewe. Mtoto avumilie wiki mbili. Na umkumbushe Mithika anayepigwa ana jina la baba yake.

Binti yako,
Karwirwa

Kaaga
12 Desemba 2024

Karwirwa,

Leo sina salamu nyingi. Nilisimama zizini nikasikia. Wanampiga na waya wa stima. Muthomi anauliza, "Wewe ni wa nani?" Akisema wa Meru, waya. Akisema wa Embu, waya, na wanacheka.

Nilimshika Mithika shati. Akaniambia, "Mama, hapo si pa wanawake. Na ujue mzee hakuwaachia Wazungu shamba." Ndipo nikaelewa. Aliyepewa jina la mzee ana haki kwa shamba la mzee. Mithika anataka mtoto aondoke hapa akilichukia hilo jina.

Nimefanya ulivyosema, sijaingia. Lakini niambie tena, maana mikono yangu imekataa kutulia.

Mama yako

Dallas
13 Desemba 2024

Mama, mtoe. Usingoje wazee, usiningoje mimi. Nilitaka awe wa huko, nikampeleka kwa huo waya mimi mwenyewe. Unga nimeuacha kwa meza. Kesho niko Meru.

Karwirwa

Kaaga
16 Desemba 2024

Karwirwa mwanangu,

Nimesikia ulimchukua hospitalini majirani walikompeleka, mkarudi Embu. Sikukuona kwa sababu Mithika amenifungia ndani na kufuli. Barua hii nampa Gladys dirishani. Yako ilinifikia nikiwa nimeshaingia.

Ijumaa jioni nilisikia mfupa. Nimevunja kuni maisha yangu yote, na hiyo haikuwa kuni. Nilichukua panga la kukatia nyasi ya ng'ombe. Mbaabu alikuwa amefungwa kwa nguzo, mkono mmoja umelegea. Muthomi alikuwa ameinua waya. Akasema, "Nyanya toka, unaharibu." Nikamkata mkono huo wa waya. Vidole viwili. Yeye pia ni mjukuu wangu, nilimbeba mgongoni, na nimemkata. Wengine walikimbia.

Nikifungua kamba nilimuuliza Mbaabu kwa nini hakusema tu wanachotaka. Akasema, "Nyanya, waliuliza tu mimi ni wa nani. Mwisho nikawaambia mimi ni mume wa Kananu. Hapo ndipo walivunja mkono."

Mithika ameapa kwamba Jumatano nyumba hii itaungua na mimi ndani. Petroli ameshaleta, naisikia harufu. Wewe usije. Chunga mtoto.

Kananu, bibi ya Mbaabu

Embu
17 Desemba 2024

Mama,

Habari ya huko ndani? Mbaabu amemaliza ugali leo, kwa mkono wa kushoto. Ule mwingine wameutia chuma.

Nilimsomea barua yako. Akaomba suruali ndefu. Nikamwambia hatoki. Akasema, "Mum, mwanaume haachi bibi yake kwa nyumba ya watu." Nimebishana naye mpaka nikachoka, na kuchoka kwangu unakujua. Tunakuja wote, na askari wawili. Nimewaonyesha mgongo wake, na bega langu pia.

Gladys atasukuma barua hii chini ya mlango kesho mapema. Funga nguo zako kwa leso, usisahau picha ya baba. Ukisikia kufuli inavunjwa, kaa mbali na mlango, ushike panga, mpaka mtu aseme ni nani.

Jina lake unalijua.

Binti yako,
Karwirwa