Chungu Chako cha Mawese na Visiwa vya Moto

Koko, bibi yangu mpendwa,

Wewe umelala kaburini Uvira, nami nakuandikia kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nikicheka peke yangu. Nimepata kazi, Koko! Nitafundisha jiografia Lilongwe, kule Area 18, na aliyenipatia ni chungu chako.

Unakumbuka tulivyochemsha mawese uani? Aliyekoroga kabla mafuta hayajapanda hakuonjeshwa ya kwanza. Mimi niliyakosa kila mara. "We mutoto, mukono yako iko na haraka ya nini? Acha ipande!" Uliengua mafuta mekundu, ukayarudisha motoni, machicha yakabaki chini.

Jana walinipa somo la majaribio: mabara yanatoka wapi? Nilichora sakafu ya bahari ikizama chini ya safu ya visiwa, ikishuka na maji yake.

"Madam, maji si yanazima moto?" akauliza msichana mmoja. Darasa likacheka.

Nikamwambia huko chini hayazimi kitu: mawe ya moto yakipata maji huyeyuka upesi kuliko makavu. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, hupanda, hukwama njiani, madini mazito yakazama, iliyo nyepesi ikapanda tena. Ikipikwa hivyo mara nyingi, kwa mamilioni ya miaka, ganda la visiwa hunenepa, likawa jepesi kiasi cha kutozama kirahisi. Hiyo ndiyo mbegu ya bara.

Mkuu wa shule, aliyeketi nyuma, alinikatiza mara ya tatu. Nikasahau niko wapi, nikamfokea kwa Kiswahili chako: "Mzee, usikoroge! Bado haiyapanda!"

Nikajua nimeyakosa tena. Ikabidi niwaeleze wote habari za chungu chako, kwa Kiingereza changu kibovu. Mzee alicheka hadi akavua miwani.

"Zikomo, asante, madam. Jumatatu uje. Sitakoroga."

Nikirudi kambini niliitazama milima ya Dowa na kuwaza jambo ambalo sikupata nafasi ya kulifundisha: visiwa vile havikai vilipozaliwa. Husukumwa hadi kwenye bara, vikagongana nalo, vikashikamana. Hapa nimeona haya miaka yote kuitwa mtu wa kuja. Kumbe hata ardhi ilikuja!

Leo nimebandika maharagwe, mwiko nimeuweka mbali. Pumzika, Koko. Safari hii niwekee ya kwanza.

Mjukuu wako mwenye haraka