Shemeji wa Chuma

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo na kazi? Sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua na kulipumzisha hataki.

Nimesikia Jumamosi utahojiwa redioni kuhusu ile filamu ya anga waliyoitengeneza upya, nawe ndiye uliyeitafsiri. Mtaa mzima nimeshautangazia. Fundi cherehani atafunga mapema, tutasikilizia dukani kwake. Swali letu ni moja tu: Shemeji yumo? Wasipomtia, hiyo siyo filamu ile, ni nyingine imeazima jina. Unakumbuka nilivyokuwa nasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, nikiwageuzia watu kwa Kiswahili? Nahodha akimwambia roboti, "Shemeji, tangulia," kibanda kizima cha video kilikuwa kinapenga kamasi.

Usiongee harakaharaka.

Baba yako

9 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini goti la mama limepoa. Simu hupokei, kwa hiyo naandika.

Mtangazaji aliniuliza kama filamu mpya imebaki ile ile, maana wasikilizaji wanalalamika Shemeji kaondolewa. Nikacheka. Ulisikia nilivyosema: hakuna Shemeji, hajawahi kuwapo, jina la roboti ni herufi tatu tu, es-em-ji, ila kuna bwana mmoja wa vibanda vya video alisikia vibaya, akamwozesha roboti dada wa nahodha. Studio nzima ikacheka.

Nilijua mnasikiliza. Hilo ndilo linalonila. Wenzangu pale walikuwa wasomi watupu, nikaona nikisema ni baba yangu nitageuka kituko. Naona aibu, Baba.

Mwanao

28 Machi

Baba, shikamoo.

Mama anasema u mzima, ila kwa fundi cherehani huendi tena, suruali zako zimebaki huko. Nigombeze basi, niandikie hata mstari wa matusi.

Mwanao

11 Aprili

Kwako mtafsiri,

Hujambo. Goti limepona.

Uliposema maneno yale, fundi cherehani alizima redio, akasema betri zimekwisha. Redio yake inatumia umeme, na waya tunauona wote. Watu wakaaga mmoja mmoja, hakuna aliyenitazama usoni. Ndiyo maana siendi. Kuchekwa nimezoea, kuhurumiwa sijui kunakaliwaje.

Kuhusu Shemeji umesema kweli. Nilisikia shemeji, nikasema shemeji, na nilipogundua, harusi ilikuwa imekwishapita; ningewatenganishaje? Usihangaike kumrudisha. Wenye filamu wana jina lao, liacheni. Jina la roboti halikunikosesha usingizi. Nililopewa mimi ndilo.

Bwana Mmoja

20 Aprili

Baba, shikamoo.

Nilipofika kwenye sahihi yako nilikuwa ofisini. Nilikwenda kujifungia chooni.

Jumamosi nilipiga simu kwenye kipindi kile kile, kama msikilizaji yeyote. Mtangazaji akauliza anaongea na nani. Nikasema ni binti wa yule bwana mmoja wa kwenye kibanda. Nikasema wote wanaolalamika kwamba filamu mpya imeiacha ya asili, hiyo asili wanayoililia ni sauti ya baba yangu, na mimi nilimkana mbele yao. Nilikuwa nimepanga mengi zaidi lakini sauti ilikatika, wakapiga muziki.

Sijui kama ulisikia. Sikulazimishi kujibu. Kachukue suruali zako tu.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Na zile mbili za nyuma nilizozikalia kimya, marahaba.

Sikusikia, redio nilishaiacha. Ila jioni ile fundi cherehani alikuja na suruali zangu, kazipiga pasi vizuri. Akasimama mlangoni, akakohoa, akasema betri ameshanunua, na kuna binti amesikika.

Aibu bado ninayo kidogo, na yako naijua. Njoo hivyo hivyo nayo.

Baba yako