Mama Niliyemzika Kazini

Jumamosi, Matiliku

Na bado sijalia. Hata chozi moja.

Tumemzika mama leo. Mimi ndiye niliyepewa kusoma historia yake, eti sauti yangu imezoea watu. Nikasoma bila kukosea, nikanyamaza pale panapotakiwa, wanawake wakalia. Nilipomaliza mtu akapiga makofi, halafu akakumbuka ni mazishi.

Aliyeniudhi ni Aunty Mbithe. Alinivuta kando, karibu na sufuria za chai. "Kwani wewe, kwa TV unalia kila wiki. Mama yako mzazi ndiye umemnyima machozi?"

Ningemwambia nini? Kwamba tangu mchezo wangu wa kwanza jukwaani, pale Kitui, dairekta akitaka machozi mimi hufumba macho nikamwona mama kwenye jeneza? Miaka ishirini, na machozi hayajawahi kukataa. Leo jeneza lilipofunguliwa, nilijikuta natafuta kamera iko wapi.

Mama alijua. Nilipomwambia alicheka sana. "Nizike tu, bora wakulipe."

Dairekta wa kipindi ametuma pole. Chini yake ameandika kwamba Jumatatu tunarekodi ile sehemu yangu ya kulia.

Sijui nitamfikiria nani.