Shati la Kushindia la Baba Yako

Odalys mwanangu,

Maharage meusi yako jikoni, yapashe kwa moto mdogo. Anua nguo kabla ya mvua. Mimi niko Palmira kwa dada yangu Zoraida. ~~Sirudi.~~ Nitarudi jioni.

Asubuhi uliniuliza nimenuna nini. Lile tambara ulilolitoboa katikati ukalitia kwenye mti wa kupigia deki ni shati la marehemu baba yako, la kushindia nyumbani Jumapili. Mimi nalala nalo. Najua limechakaa. Hata mimi nimechakaa, shukuru Mungu hukunitoboa.

Nimelifua, lakini sasa linanuka dawa ya sakafu tu. Yeye hayumo tena.

Mumeo Reinier naye ana mashati ya kushindia. Ficha moja mapema. Akiliulizia, mwambie panya wamelila.

Mama