Picha ya Wifi Ukutani

Jumamosi, 6 Septemba 2014
Nimeotesha ulezi, kama kila mwezi. Umeanikwa juu ya magazeti sebuleni. Bila ulezi ulioota mbege, pombe yetu ya ndizi, haiwi mbege, inakuwa uji wa ndizi.
Wifi yangu Anande kapiga simu, anacheka. Kile kiwanda kidogo cha bia hapa mtaani kwetu Mount Dennis kinaandaa maonyesho ya historia ya bia Toronto. Picha yake itatundikwa. Eti mwanamke wa kwanza kupika mbege mjini humu.
Wa kwanza! Nani alimfundisha? Mimi, jikoni kwangu, 2006. Hakujua hata ndizi zichemke kiasi gani.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepita kuchungulia. Ukutani wazungu wenye ndevu. Farasi wakikokota mapipa. Polisi wakimwaga pombe enzi ilipopigwa marufuku. Mwisho kabisa msumari mtupu. Wa wifi huo.
Nina wivu. Naandika wazi, hapa hasomi mtu.

Jumapili, 14 Septemba
Binti yangu Aika kaniambia, kwa Kiingereza chake, niache utoto.
Jioni wifi kaja kuomba unga wa ulezi ulioota wa kupikia mbege ya maonyesho. Wake umeshika ukungu. Nimempa unga wa uji wa dukani, wa ulezi usioota. Ukitazama tu, hutofautishi.

Alhamisi, 18 Septemba
Kapiga simu mara mbili. Sipokei. Akiniuliza nitasema ukweli, najijua.

Jumamosi, 27 Septemba
Watu walijaa. Wifi kapendeza. Roho iliniuma.
Kwetu Uchagani mpikaji huonja kwanza, mgeni aone haina sumu. Akaonja. Uso haukubadilika. Kisha akasema kwa sauti, "Aliyenifundisha ni huyu hapa, wifi yangu, Mama Aika." Makofi. Akanijazia kata pomoni.
Na kibao chini ya picha kina jina langu. Wifi aliomba mwenyewe liandikwe, tangu siku ya kwanza watu wa kiwanda walipomfuata.
Uji mtupu. Nimekunywa wote, watu wakitazama. Nikasema tamu. Mwenye kiwanda naye akaonja. Akanitazama mimi, si wifi.
Najichukia.

Jumapili, 28 Septemba
Baada ya kanisa nimekwenda kwake. Nimemwambia kwamba unga ule nilimpa makusudi.
Hakushtuka. Akanimiminia chai. Kumbe alijua tangu alipoonja.
"Ndiyo maana nilikujazia, wifi."
Tumekunywa chai.