Viluwiluwi vya Mamako

Likoni, Juni 1959

Kwako mume wangu Ishaka, huko Nairobi,

Salamu nyingi. Mbuzi amezaa pacha na paa tumeliezeka, ila mamako amenichosha, wallahi.

Bwana afya alileta mashindano mtaani. Kila Ijumaa, nyumba itakayookota viluwiluwi vya mbu vingi zaidi kwenye makopo na madimbwi yake hupewa leso. Alitaka tuyamwage maji yaliyotuama, homa ipungue. Mamako akashinda Ijumaa tatu mfululizo. Nikajiuliza, ua tumeshausafisha, anavitoa wapi?

Nikamkuta nyuma ya choo na mitungi mitano ya maji machafu, ameifunika makuti. Anavifuga!

"Mama, si ndio mbu wenyewe hawa?"

"Wewe mwana hujui kushindana," akanijibu. "Wataka jirani zetu kina Boga watucheke?"

Nikaimwaga yote. Akanuna, siku mbili hakugusa chakula changu. Lakini mbu walikuwa wamesharuka.

Homa ilinishika wiki iliyofuata, Ishaka, homa kali. Mimba imeharibika. Ilikuwa miezi minne.

Mamako ndiye aliyenikanda na kuninywesha uji, huku akilia kwamba jirani ametutia kijicho. Sijamwambia kwamba ni mbu wake. Nikimtazama nataka kupiga kelele, kisha ananishikia kikombe ninywe.

Omba ruhusa kazini uje. Umwambie wewe, au unizuie mimi nisimwambie.

Ni mimi mkeo,
Mwanatatu