Jina la Beki wa Kushoto

Jumapili, Kawajense

Tumeshinda moja bila, na bado nina hasira na huu mdomo wangu.

Dakika za mwisho, nikiwa golini, nilipiga kelele, "Masanja, rudi!" Deo akarudi mbio, akaokoa. Masanja tulimzika kabla ya mvua. Deo ndiye aliyechukua nafasi yake, beki wa kushoto.

Baada ya mechi nikamwomba radhi. Akasema, "Nimezoea, kaka. Mbona mazoezini unaniita hivyo kila siku?"

Sikuwa najua.

Timu nzima sisi ni wachimbaji. Siku ile zamu ya kushuka kwenye duara kuchimba dhahabu ilikuwa yangu. Masanja akasema nipumzishe mkono kwa ajili ya mechi, atashuka yeye. Kifusi kikamfunika.

Leo Deo kaona kidole changu kimevimba. "Kesho pumzika, kaka. Zamu yako nitashuka mimi."

Maneno yaleyale. Nikamjibu kwa ukali mpaka wenzetu wakageuka.

"Kesho nashuka mwenyewe. We kaa juu, Masanja."

Akaitikia, "Sawa, kaka." Hakuna aliyenisahihisha.